Hakuna wa Kwanza

Siku Mzee Hezekiah Njura alipochekwa kwenye kituo cha majani chai, alikuwa hata hajatua gunia mgongoni. Aliyeanza ni Muchangi, jirani yake, mtu mwenye ulimi usiojua likizo. Alisimama kando ya mizani akapaza sauti ili hata walio mwisho wa foleni wapate.

“Mzee, kumbe ukoo wenu ulitoka huko msituni? Karimi wangu amekuja nyumbani akasema mwanao, Mwalimu Mugendi, amewafundisha ati babu yake mwenyewe alikuwa nyani!”

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Watu waliongoja lori la kiwanda tangu adhuhuri hucheka chochote. Mzee akatua gunia polepole, akajinyoosha kwa shida, maana alikuwa anaikaribia miaka themanini, kisha akauliza kwa Kiembu, “Alisema babu yake?”

“Babu yake, ndiyo. Tena akapanda juu ya dawati, akashika boriti, akaning'inia huku anajikuna kwapa. Karimi anasema darasa zima lilitoka machozi.”

“Babu yake ni baba yangu,” Mzee akasema.

Hapo kicheko kikakatika. Muchangi alitaka kuongeza neno, akalimeza, na hilo kwake si jambo la kila siku.

Mgeni angeona ni mzaha tu wa mwalimu. Lakini pale kijijini Kianjokoma kila mtu aliijua hesabu ile. Kwa Waembu mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya babake, na halipewi kama nguo ya mtumba. Mtoto huwa ndiye yule mzee, amerudi. Mugendi alikuwa baba ya Hezekiah, amerudi. Ndiyo sababu tangu mwanawe alipokuwa wa kubebwa mgongoni Hezekiah hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Baba. Mwana naye akamwita Baba. Wapita njia waliowasikia shambani, “Baba, niletee jembe,” “Haya, Baba,” walishindwa kujua nani amemzaa mwenzake.

Jioni hiyo Mugendi alirudi kutoka shuleni, mkoba begani, akamkuta mzee wake amekaa mlangoni.

“Umeshindaje, Baba?”

“Salama, Mwalimu.”

Ndani jikoni Wambeti, mama yake Mugendi, alikuwa anaponda mukimo wa viazi na mahindi. Aliposikia neno hilo akauacha mchi umesimama ndani ya sufuria.

“Huyu mtoto,” Mzee akaendelea, akionyesha chumba alimolala Kagwiria, mke wa Mugendi, na kitoto chake cha kiume cha wiki mbili, “msimwite Njura. Jina langu nimelirudisha mfukoni. Tafuteni lingine huko kwa nyani.”

Akainuka, akachukua ndoo, akaenda kukamua.

*

“Sasa kosa langu ni nini?” Mugendi aliuliza wakiwa chumbani. “Nimefundisha yaliyo kwenye silabasi. Mageuzi ya viumbe, biolojia ya kidato cha nne. Watoto walianza kubisha, wengine wakasema shetani ameingia darasani. Nikawaandikia ubaoni, mkataa kwao ni mtumwa. Nikawaambia, hata mimi Mugendi, ukirudi nyuma sana, sana, babu yangu alifanana na nyani. Nilitaka tu wasiogope.”

“Na hiyo silabasi ilikwambia upande dawati?” Kagwiria akauliza.

Mugendi alikuwa mwalimu mzuri, tena mwenye kuipenda kazi yake, ila alikuwa na ule ugonjwa wa walimu wengi: darasa likishacheka, hajui kushuka.

Walizungumza kwa Kiswahili. Nyumba ile ilikuwa ya Kiswahili tangu Kagwiria aolewe, maana alitoka Kangeta, kwa Waigembe, na Kimeru chao na Kiembu ni ndugu wanaosalimiana kwa mbali. Mzee peke yake ndiye hakukubali. Kiswahili alikisikia vizuri sana, lakini kumtoka kinywani, hapana. Ukimsemesha kwa Kiswahili atakujibu kwa Kiembu, na usipoelewa ni shauri yako. Watu walisema ni ukaidi wa uzee. Kagwiria hakubishana na mtu. Alijifunza Kiembu kwa ajili yake, na mzee alimpenda kwa hilo.

“Jumamosi baba yangu anakuja,” Kagwiria alisema. Sauti ilikuwa ya chini ili mtoto asiamke, lakini ilikuwa na makali. “Anatoka Kangeta na wazee wake, na kina mama na vibuyu vya uji. Miaka yote ile tumeomba mtoto, ndio huyu sasa. Baba atauliza kitu moja tu. Anaitwa nani? Nimjibu aje? Nimwambie tunangojea silabasi?”

“Si tutampa jina lingine? Hata kwenu kuna majina mazuri.”

“Mugendi, hebu fikiria kidogo. Mvulana wa kwanza akose jina la guka yake, na guka yuko hai, anatembea, anakunywa chai hapo sebuleni. Watu watasema nini? Watasema mzee anajua kitu. Watasema mtoto si wako.”

Hilo Mugendi hakuwa amelifikiria. Aliyajua mambo ya mamilioni ya miaka iliyopita, ila ya Jumamosi hayakuwa yamempitia kichwani. Alimtazama mwanawe aliyelala, akaona aibu, kisha akaogopa.

*

Siku ya Ijumaa asubuhi alimfuata babake kwenye zizi la ng'ombe. Usiku kucha alikuwa ametunga maneno. Hezekiah alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo Mugendi, kama kijiji kizima, hakuwa na shaka ugomvi ule ulitoka katika kitabu cha Mwanzo.

“Baba, sikumtukana Mungu. Mungu anaweza kuumba kwa siku moja, tena anaweza kuumba polepole, kwa muda mrefu. Ni kazi yake vilevile. Hata udongo ule aliotuumbia...”

“Nani amekuuliza habari za Mungu?”

Mzee hakugeuka. Maziwa yaliendelea kulia kwenye ndoo. Mugendi akabaki na hotuba yake mdomoni, hajui aipeleke wapi.

“Mimi nina swali moja, Mwalimu. Hayo uliyosema darasani ni ya kweli?”

Angeweza kusema hapana. Neno moja tu, na mbele ya nani? Mbele ya mzee na ng'ombe. Kagwiria angelala usingizi, mtoto angepata jina, na Jumatatu angerudi darasani kama kawaida. Neno lilimfika hadi ulimini. Kisha akawakumbuka wale watoto waliomwamini wakayaandika.

“Ni ya kweli, Baba. Ila vile nilivyoyasema...”

“Basi. Kama ni ya kweli, huna kosa la kuombea msamaha, na mimi sina jina la kumpa mtoto wa nyani. Kama ni ya uongo, nenda usimame mbele ya watoto wa watu uwaambie uliwadanganya. Chagua. Mkataa kwao ni mtumwa, si ndivyo uliandika?”

Kumbe hata hilo lilikuwa limemfikia. Kwa ulimi wa Muchangi hakuna habari inayopotea njiani.

“Baba, nisikilize...”

“Toka hapo, Mwalimu. Ng'ombe anashtuka.”

*

Wakwe walifika Jumamosi na nyimbo. Kina mama waliingia kwanza, vibuyu vya uji vifuani, wakamzunguka Kagwiria wakimshika mashavu kana kwamba aliolewa jana. Nyuma yao akaja baba yake, Kailemia, mkulima wa miraa, mtu mrefu mwenye kofia ambayo haivui hata ndani ya nyumba. Kwapani alikuwa na furushi la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba. Alijua vizuri kwamba Hezekiah ni mtu wa kanisa na hatafuni, lakini huko kwao ndivyo mtu anavyomheshimu mkwe. Hezekiah alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka katikati ya meza. Hadi hapo mambo yalikuwa sawa.

Wakaomba. Wakaulizana habari za mvua na za barabara. Mbuzi aliletwa, mukimo ukaletwa, harufu ikajaa nyumba. Mugendi alisimama karibu na mlango na birika la kunawisha wageni, shati limemganda mgongoni. Alimwomba Mungu, yule yule waliyesema amemkana, kwamba Kailemia apatwe na njaa kabla ya kupatwa na maswali.

“Muthoni wangu,” Kailemia alisema, kwa lile neno la kuitana wakwe ambalo Wameru na Waembu wote wanalo, kisha akaingia kwenye Kiswahili ili asikike na wote. “Mtoto tumemwona. Ni mzuri, amechukua pua yetu, shukrani. Sasa mtuambie tunamwita nani, hawa kina mama wapige vigelegele, tukule.”

Wambeti akatazama sakafu. Kagwiria akambana mtoto kifuani.

“Hana jina,” Mzee Hezekiah akasema.

Alisema kwa Kiswahili. Kagwiria, aliyekaa naye miaka yote ile, alishtuka zaidi na hilo kuliko na maneno yenyewe. Hata Mugendi hakuwahi kumsikia.

“Hana jina kivipi?” Kailemia akauliza. “Kuna shaka na msichana wangu?”

“Msichana wako ni safi. Shaka iko kwa huyu Mwalimu.”

Kailemia akanyoosha mkono mrefu, akaliondoa furushi lake mezani, akaliweka magotini. Wazee aliokuja nao wakaacha kuegemea viti. Mama mmoja akaanza kutafuta kifuniko cha kibuyu chake.

“Baba!” Mugendi akaweka birika chini. “Niadhibu mimi. Mtoto amekosa nini? Kwa sababu ya mstari mmoja wa Biblia unataka kutuvunjia nyumba?”

“Biblia!” Mzee akapiga meza kwa kiganja, sahani zikaruka. “Kila mtu Biblia, Biblia. Mwalimu, unajua neno langu la kwanza la Kiswahili? Unalijua? Ni nyani.”

Akaisukuma sahani yake kando.

“Nilikuwa mtoto, wakati wa Dharura ya wakoloni. Watu walikuwa wanatolewa kwa nguvu kuchimba handaki, hapo juu, kuzunguka msitu, ili wapiganaji walioko msituni wafe njaa. Baba yangu alikuwa anachimba. Mimi nilikuwa nampelekea uji. Hiyo siku alisimama kunyoosha mgongo. Kunyoosha mgongo tu. Kijana wa Kizungu, hata ndevu hana, akamwambia, panda mti huu. Akapanda. Akamwambia, ning'inia. Akaning'inia kwa mikono. Akamwambia kwa Kiswahili, jikune, sema mimi ni nyani. Na askari wetu, watu weusi kama mimi, wakacheka, kwa sababu asiyecheka angepanda yeye. Nilikuwa sijui hata kusema maji kwa Kiswahili. Nikaenda nyumbani kuuliza mama, nyani ni nini?”

Wambeti, aliyelala kitanda kimoja naye kwa zaidi ya nusu karne, alimtazama kama mtu anayemwona leo.

“Baba hakulisema tena mpaka akafa. Na mimi sikulisema. Nilipompata huyu, nikampa jina la Baba. Akasoma, akaitwa mwalimu, nikasema moyoni, haya, sasa Baba amepumzika, hakuna mtu atamwita vile tena. Na yeye akapanda juu ya dawati mwenyewe. Hakuamriwa na mtu. Akajikuna mwenyewe!”

Mugendi alikaa pale pale sakafuni, kando ya birika. Aliiona mikono yake mwenyewe kwenye boriti, akausikia upya ule uliokuwa utamu wa kicheko cha watoto, akatamani ardhi immeze.

“Sikujua, Baba.”

“Hukujua.”

“Kwa kupanda dawati, naomba msamaha. Kwa kulitumia jina lake kuchekesha watu, naomba msamaha, mbele ya wageni hawa. Jumatatu nitawaambia wanafunzi hivyo hivyo.”

“Na kwa lile neno lenyewe?”

Mugendi alijua macho ya Kagwiria yalipo bila kuyatazama.

“Lile siwezi kulifuta, Baba. Ningelifuta ningekuwa nakudanganya. Lakini yule Mzungu hakulisema vile lilivyo. Alisema baba yako ni mnyama, yeye ni mtu. Uongo wake ulikuwa hapo. Tulitoka mahali pamoja wote, yeye na baba yako na mimi. Hakuna aliyetangulia.”

Mzee alikuwa na swali, na ilionekana amelala nalo siku kadhaa. “Haya. Yule mtu wa kwanza kabisa, aliyezaliwa na mnyama. Alimfanyia nini baba yake? Alimwona ni baba ama ni mnyama? Alimlisha akizeeka, ama alimfukuza shambani kwa mawe?”

“Hakuna wa kwanza, Baba.”

“Atakosekana aje?”

“Hakuna siku mama alizaa mtoto asiyefanana naye. Kila mtoto aliyezaliwa alimtazama mzazi wake akaona mtu wa kwao. Yaliyobadilika yalikuwa madogo, yakaenda polepole mno, hakuna aliyeyaona. Ukirudi nyuma, baba kwa baba, hutafika mahali useme, huyu ni wangu, lakini aliyemzaa si wangu.”

Mzee alitafuna maneno hayo. Alipoinua kichwa, uso ulikuwa umekunjamana zaidi.

“Na yule kijana wa Kizungu naye, akirudi nyuma hivyo?”

“Mtakutana.”

“Yaani ni ndugu yangu.”

“Ni ndugu yako, Baba.”

Mzee akatoa kicheko kikavu, kifupi. “Nyani naweza. Nyani ananiibia mahindi tu, na nikimrushia jiwe anakimbia. Lakini huyo! Mwalimu, umenibebesha mzigo mzito kuliko ule wa kwanza.”

Akashika fimbo yake, akainuka kwenda nje. Bado alikuwa amesema Mwalimu. Kailemia naye akasimama, furushi kwapani, wazee wake wakasimama. Mambo yalikuwa yameisha, na kila mtu aliona yamekwisha vibaya.

Kagwiria alifika mlangoni kabla ya mzee. Hakulia wala hakumsihi. Aliongea Kiembu, kile alichojifunza kwa ajili yake.

“Baba, nishikie mtoto. Wazazi wangu wanaondoka, na mimi sijawasindikiza.”

Huko ni nani angemkatalia mwanamke kuwasindikiza wazazi wake? Tena hakungoja jibu. Aliachilia, na mzee ilimbidi atupe fimbo ampokee, la sivyo mtoto angeanguka. Tangu siku ile ya kituo cha chai hakuwa amemgusa.

Mtoto alikunja uso, akatapatapa, mkono mmoja ukatoka kwenye shali. Ukakipata kidole cha mzee, ukakifumbata. Mzee alijaribu kukitoa kidole, hakikutoka. Akakivuta juu kidogo, na mkono ukafuata, na bega likafuata. Akashangaa bila kutaka.

“Ana nguvu hivi! Nani amemfundisha?”

Hakumuuliza mtu, lakini watu wote walimgeukia Mugendi pale sakafuni. Macho ya Kagwiria yalikuwa yanamwomba: sema ni Mungu, sema ni damu ya Njura, sema chochote.

“Hakuna aliyemfundisha, Baba,” Mugendi alisema polepole. “Watoto wote huzaliwa nayo. Ni ya kutoka zamani zile. Mama alipanda mti na mtoto kifuani, na mtoto asiposhika, anaanguka. Sisi tumezaliwa na wale walioshika.”

Kagwiria akafumba macho.

Mzee aliutazama mkono ule, kidole bado kimo ndani. Wageni hawakujua watoke au wabaki. Aliposema, alisema kwa Kiembu, na sauti haikuwa ya kugombana na mtu.

“Wale askari walimngoja aanguke pale mtini, Baba. Walimngoja sana. Mikono ilikuwa inatetemeka, niliiona kutoka chini. Hakuanguka. Alishuka mwenyewe.”

Akakitazama tena kile kimkono.

“Njura,” akaita.

Mtoto hakuwa na la kujibu. Mzee akangoja kidogo, kama adabu inavyotaka, halafu akaitika mwenyewe kwa niaba yake, “Naam.”

Wambeti ndiye aliyeanza kigelegele, kikamkatikia njiani kwa kilio, na kina mama wa Kangeta wakakipokea wakakimaliza. Kailemia alisimama na furushi lake kwapani kama mtu aliyepotea njia. Kisha akarudi, akaliweka katikati ya meza, mahali lilipokuwa.

Mzee hakumrudisha mtoto kwa mamake. Alirudi kukaa kwenye kiti chake, akamtazama mwanawe aliyekuwa bado sakafuni, macho mekundu.

“Baba,” alimwambia, “inuka unawishe wageni. Chakula kinapoa.”